Siku Draiva Yangu Ilipomzika Mzee Kiprono

Leo nimemzika mtu ambaye hajafa. Na mwenyewe alikuwepo, amekaa nyuma karibu na mlango, kofia mkononi, akijitazama anavyozikwa.

Nawaandikia wote wa darasa letu: mlio Nairobi, mlio Eldoret, na wewe uliye Doha unayejifanya hupati email. Nimeaibika. Si ile aibu ya kuteleza kwa matope mbele ya watu ukainuka ukaenda zako. Hii ni ya kanisa zima.

Wiki jana niliwatumia email ndefu ya kujisifu. (Naomba muifute. Aliyemtumia mwalimu wetu wa hesabu, Mungu anakuona.) Niliwaambia nimeandika draiva ya diski. Ukweli ni kwamba niliikuta imeandikwa na mtu mwingine huko ng'ambo, nikaibadilisha. Lakini kwa vile wengi wenu mlikimbilia uhasibu na ualimu, nilijua hakuna atakayeuliza.

Wacha nianze na mwenye kazi. Mzee Kulwant ana studio ya picha hapa Nakuru, barabara ya nyuma ya soko. Babake ndiye aliyeifungua. Kama ulizaliwa kati ya Njoro na Molo, na kuna picha yako umevaa soksi nyeupe na umenuna, basi ni yeye alikupiga. Siku za soko alikuwa anaenda mpaka senta za ndani kabisa, anatundika kitambaa cha maua ukutani, watu wanapanga laini. Miaka michache iliyopita alizipitisha negativu zake zote kwenye skana, akaziweka kwa kompyuta. Ikawa bahati, maana baadaye paa la stoo lilivuja na negativu zenyewe zikashikana kama chapati zilizolowa. Zikatupwa.

Halafu ikaja Januari, na ghasia za baada ya uchaguzi. Hamhitaji nianze kuwasimulia Januari. Nyumba ziliungua, na albamu zilikuwa ndani ya nyumba.

Watu wakaanza kuja studio kutoka kambi ya waliofukuzwa makwao. Hawakuja kupigwa picha. Walikuja kuuliza kama Mzee bado ana ile yao ya zamani. Ya harusi. Ya mtoto. Kuna mama aliomba picha yoyote tu, ya mtu yeyote, bora kwa nyuma ionekane nyumba yake. Mzee Kulwant akawa anakaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi, anatafuta, watu wanangoja kwenye benchi. Na ile mashine yake, jamani, ilikuwa inafungua picha moja unaweza kwenda kununua maziwa ukarudi.

"Beti," aliniambia. Ananiita hivyo, binti yangu, tangu nilipomtengenezea printa. "Hii mashine iko pole sana. Mtu anakaa hapo analia, na mashine inazunguka tu. Fanya kitu."

Nikafanya kitu. (Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.)

Nilimtafutia seva kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani, tukahamishia diski zake humo. Lakini ile kadi inayoendesha diski ilikuwa ya kampuni iliyokufa zamani, na draiva iliyopatikana ilikuwa inapeleka amri moja moja. Draiva ni ile programu inayokaa kati ya kompyuta na diski, ikisema: soma hapa, soma pale. Inasema, inangoja jibu, ndipo iseme tena. Mimi nikaona ujinga. Diski inaweza kupokea amri nyingi kwa pamoja, ikazipanga yenyewe kwa foleni, ikasoma zilizo karibu karibu kwanza. Nikaibadilisha ifanye hivyo.

Kwa wale wa uhasibu: fikirieni mko Kikopey mmeagiza nyama. Mwenye kuchoma hachomi oda moja akaimaliza ndipo aanze ya pili. Anazipokea zote, kila oda inapewa namba, na iliyoiva inatoka kwanza. Amri za diski nazo ni hivyo hivyo. Kila moja ina namba yake, na jibu likirudi, draiva inaangalia namba na kujua ni la nani.

Sasa, itakuwaje oda ikichelewa mno? Mimi niliamua hivi: amri ikikaa sana bila jibu, hiyo imekufa, chukua namba yake umpe mteja mwingine. Niliandika hiyo sehemu kwa furaha kabisa, nikila mahindi ya kuchoma. Kitu nilichosahau ni kimoja. Kumwambia mwenye kuchoma.

Studio tulijaribu mashine, picha zikawa zinaruka tu. Mzee Kulwant alipiga makofi. Bibi yake akaniletea samosa. Mimi nikarudi nyumbani nikawaandikia ile email. Nawaambia ukweli, nilikuwa na haja ya kujisikia mtu. Mamangu alirudi Bungoma Januari na mpaka leo anasema atakuja, atakuja. Nyumba imebaki na mimi na redio. Kwa hivyo draiva ilipokubali, nilifurahi kupita kiasi cha draiva.

Basi leo Jumamosi.

Kulikuwa na ibada ya kumkumbuka marehemu Mzee Gathogo, kwenye ukumbi wa kanisa moja hapa Bondeni. Gathogo alikuwa mkulima upande wa Molo. Nyumba yake ilichomwa, wakakimbilia kambini yeye na mke wake, Mama Nyokabi. Kifua kikamshika huko kwenye baridi ya hema na hakupona. Walimzika haraka haraka, bila hata picha ya kuweka juu ya jeneza, kwa sababu picha hazikuwepo. Mama Nyokabi alikuwa anasema kila anayekuja kumpa pole: "Nimeanza kusahau pua yake. Nakumbuka sauti, lakini pua inanitoroka."

Mzee Kulwant akatafuta, akaipata. Picha moja. Gathogo akiwa kijana, siku ya soko, mbele ya kile kitambaa cha maua. Mama Nyokabi hakuwa ameiona bado. Tulikubaliana ataiona leo, kubwa, ukutani, kwa projekta, mbele ya watu wake wote.

Najua mtauliza kwa nini sikuinakili tu nikaenda nayo kwa flash disk. Swali zuri. (Mko werevu sana nyinyi mkiwa mbali.) Sababu ni kwamba baada ya ibada, familia zingine kutoka kambini zilikuwa zimeahidiwa kutafutiwa picha zao hapo hapo, kwa hivyo ilibidi seva nzima iende. Sababu ya pili ni kwamba nilitaka watu waone inavyokimbia.

Tukaipakia kwa pickup ya mtu. Mzee Kulwant alikaa nyuma nayo, ameikumbatia, kilemba kinapepea. Barabara mnaijua. Kila shimo nilisikia ndani ya hilo sanduku kitu kikisema "tak". Nikajiambia ni screw.

Kwenye ngazi za ukumbi nilishindwa kuinua. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama nje peke yake akaja bila kuitwa, akashika upande wa pili. Mrefu, mwembamba, kofia ya sufu, viatu vimepakwa rangi vizuri lakini vimechoka.

"Polepole, mama," akaniambia. "Hii ni nini, jeneza?"

"Ni kompyuta, mzee."

"Ni nzito kama jeneza."

Tulipoiweka mezani nikamuuliza jina. "Naitwa Kiprono. Mimi na Gathogo tulikuwa tunapakana. Shamba kwa shamba."

"Karibu basi, viti viko mbele."

Akaangalia ukumbi, akaangalia kofia yake. "Wacha watu wakae kwanza."

Nilielewa. Mwaka huu jina la mtu linataja kabila lake na kumjibia maswali kabla hajaulizwa. Mle ndani kulikuwa na watu waliopoteza kila kitu, na wengine wangelisikia hilo jina wasingengoja maelezo. Baadaye nilimwona ameingia kimya, akakaa kwenye kiti cha mwisho kabisa, mguu mmoja kama tayari kwa kuondoka.

Ibada ikaanza. Kwaya ikaimba vizuri. Mama Nyokabi alikuwa safu ya mbele, kitambaa cheusi kichwani, mikono imekunjwa mapajani kama mtu anayengoja kuitwa ndani kwa daktari. Karibu naye alikaa Njuguna, ndugu ya marehemu, mtu wa mabega mapana ambaye tangu tuingie hakuwa amecheka wala kusalimia.

Mimi nilikuwa kwa meza ya pembeni, nyuma ya seva. Nimevaa suti ya kuazima. Nilikuwa nimepanga vizuri: kwanza jina lake kwa maandishi makubwa na miaka yake, halafu mchungaji akisema neno, picha inatokea juu ya jina. Programu ya kuonyesha inasoma mapema picha zinazofuata ili kusiwe na kungoja. Zile za jirani, za roli moja ya filamu, siku ile ile ya soko. Zote zilikuwa zimeshaagizwa. Foleni imejaa. Najivunia kweli.

Nikasikia "tak". Safari hii hatukuwa barabarani.

Taa ya diski ikakaa imewaka, haipepesi. Nikaiinamia. Halafu ikapepesa tena. Nikashusha pumzi. Imepona, nikajiambia. (Nilikuwa nimeolewa na tatizo wakati huo huo na sijui.) Sasa najua kilichotokea: diski ilikwama mahali pabovu, picha moja ya jirani ikachelewa, draiva yangu ikaihesabu marehemu na kuichukua namba yake. Namba hiyo ikampa mteja aliyefuata. Mteja aliyefuata alikuwa Gathogo. Diski ilipozinduka ikatoa ile picha iliyochelewa kwa namba ile ile, na draiva ikaipokea kama ya Gathogo.

Mchungaji akainua mkono kuelekea ukutani. "Wapendwa, tusimame tumtazame ndugu yetu aliyetutangulia."

Watu wote wakasimama. Nikabonyeza.

Ukutani, kubwa kuliko mlango, akatokea kijana mrefu, mwembamba, amevaa koti la suti lililomkaa fupi mikononi, anatabasamu kama mtu aliyefinywa. Chini yake, jina: GATHOGO. Jina lilikuwa sahihi. Miaka ilikuwa sahihi. Kilichokosea ni mtu.

Kwaya ikaanza wimbo wa kuaga. Bahati mbaya wale walioimba kwa macho yaliyofungwa waliendelea. Waliokuwa wamefungua macho wakaanza kukatika mmoja mmoja, kama redio inayoishiwa betri. Mtu mmoja akanong'ona, "Huyo ni nani?" Mwingine akajibu, "Labda alikuwa amekonda." Mchungaji, masikini, hakuwa amewahi kumwona Gathogo. Aliendelea: "Angalia uso huo. Uso wa amani. Sasa amepumzika."

Na kutoka nyuma kabisa ikaja sauti ya taratibu, ya mtu mwenye heshima anayesahihisha kitu kidogo:

"Hapana. Mimi bado."

Vichwa vyote vikageuka. Mzee Kiprono alikuwa amesimama, kofia mkononi. Ukimwangalia yeye, halafu ukuta, halafu yeye, ilikuwa wazi. Masikio yale yale. Hata lile tabasamu la kufinywa lilikuwa limemjia, kwa sababu alikuwa na aibu kama mimi. Karibu kama mimi.

Kuna mtoto alicheka. Halafu mwanamke mmoja akacheka kwa pua, akajizuia, akashindwa. Mimi nilikuwa nabonyeza kila kitu kilicho na uwezo wa kubonyezwa. Nikataka kuondoa picha ya Kiprono, ikaja ya mbuzi. Kweli. Mbuzi wa mtu, siku ya soko, mbele ya kitambaa cha maua, na chini yake: GATHOGO. Nikabonyeza tena, akarudi Kiprono.

"Nekesa!" Mzee Kulwant alininong'oneza kwa sauti ambayo ukumbi wote ulisikia. "Beti, zima!"

"Haizimiki!"

Hapo ndipo kicheko kilipokatika, kwa sababu Njuguna alikuwa amegeuka. Hakuangalia ukuta. Aliangalia nyuma.

"Huyu ni Kiprono," akasema. "Nani amemwita huyu hapa?"

Ukumbi ukawa baridi. Watu waliokuwa wamesimama kuaga sasa walikuwa wamesimama tu. Nilimwona mzee mmoja akimshika Njuguna mkono wa shati, na Njuguna akiutoa.

Kiprono hakusogea. "Hakuna aliyeniita. Nilisikia kwa mzee wa studio. Nimekuja kumlilia mtu wangu. Mkisema niende, nitaenda."

Nataka mjue nilikuwa nafanya nini wakati huu. Nilikuwa chini ya meza, nimeshika kebo ya umeme, sketi imepasuka mshono wa nyuma, naomba Mungu anichukue mimi pamoja na draiva yangu. Nilikuwa nimemchukua mtu aliyekuja kukaa gizani, nikamtundika ukutani akawa mkubwa kuliko mlango. Kama kuna kitu kingetokea pale, kingekuwa kimetoka mkononi mwangu.

Ndipo nikasikia sauti ya Mama Nyokabi. Hakuwa amegeuka hata mara moja. Alikuwa bado anatazama ukuta.

"Hiyo koti," akasema.

Watu wakageuka kutazama ukuta tena.

"Hiyo koti ni ya mume wangu."

Akatoka kwenye kiti chake, akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye ukosi wa lile koti. Mwanga wa projekta ukammwagikia mgongoni, kifungo kimoja cha picha kikaangukia kwenye kitambaa chake cheusi. "Nilikuwa naipiga pasi mimi. Angalia, hapa kuna alama, niliichoma. Aliniambia usijali, itaonekana kama ni kivuli." Akageuka. "Kiprono. Ulivaa koti ya Gathogo."

"Alinipa," Kiprono akasema. "Siku hiyo ya picha. Mimi sikuwa na koti. Alipigwa yake kwanza, akavua, akanivalisha. Alisema siwezi kupigwa picha na sweta ya shule."

"Na ukakaa nayo."

"Niliirudisha, mama."

"Uliirudisha Pasaka! Bila kifungo!"

Kuna kicheko ambacho si cha kumcheka mtu. Kilitoka kwa wale wanawake wa mbele, kikaenda nyuma, na Mama Nyokabi mwenyewe alikuwa anacheka, mkono mdomoni, mabega yanaruka. Halafu mabega yakaendelea kuruka na haikuwa tena kicheko. Wanawake wawili wakamshika. Alilia kwa sauti ambayo sitaki kuielezea. Watu walisema baadaye kwamba tangu mazishi hakuwa ametoa chozi.

Alipopata pumzi akasema, bila kumwangalia mtu, "Kaa, Kiprono." Akakaa.

Njuguna hakukaa. Alipita katikati ya viti, akapita karibu na Kiprono bila kumwona, akatoka nje. Mpaka tunaondoka alikuwa amesimama kwenye geti, mgongo kwetu. Siwezi kumhukumu. Nyumba yake pia iliungua.

Kuna mtu akaninyooshea kidole chini ya meza. "Na wewe! Toka huko. Mwonyeshe mama bwana yake!"

Nikatoka. Sketi naishika kwa nyuma kwa mkono mmoja. (Mama wa kwaya akanifunga leso kiunoni bila kusema neno. Mungu ambariki.) Nikazima seva kwa kuchomoa kebo, nikaiwasha, nikaiondoa draiva yangu. Nikarudisha ile ya zamani, ile niliyoiita ujinga. Amri moja. Ngoja jibu. Amri moja. Nikamwomba mchungaji watu wawe wavumilivu.

"Tumeshakuwa wavumilivu," mchungaji akasema, "hata mwenye kufa amevumilia."

Picha ikaanza kuja. Lakini ilikuja kwa vipande kutoka juu, mstari kwa mstari, kwa sababu mahali ilipokuwa imekaa kwenye diski ndipo palipokuwa pabovu, na diski ilikuwa inajaribu, inashindwa, inajaribu tena. Kwanza maua ya kitambaa. Halafu nywele. Paji la uso. Nyusi. Diski ikasema "tak". Ikaendelea. Macho.

Mama Nyokabi alikuwa ameshika mkono wa Mzee Kulwant bila kujua ni wa nani.

Pua.

"Ndiyo," akasema kwa sauti ndogo. "Ndiyo. Hiyo."

Mdomo, kidevu, ukosi wa koti. Halafu ikasimama. Nikangoja. Tukangoja wote. Sehemu yote ya chini ilikuwa kijivu, kijivu tu, kama ukuta ambao haujapakwa rangi. Nilijua maana yake kabla ya kuangalia. Hiyo nusu haipo tena. Negativu hazipo. Picha hiyo ilikuwa moja duniani, na pengine ilikuwa nzima asubuhi, kabla sijaipakia kwa pickup nikaonyeshe watu inavyokimbia.

Nikamwendea nikamwambia. Nilitaka kumwambia kwa maneno ya kitaalamu, yakanitoka yote. Nikasema, "Mama, imeharibika. Ni mimi."

Mzee Kulwant akaingilia haraka. "Mama, hakuna shida, mimi iko na fundi. Tunachukua koti kwa picha ya huyu mzee, tunaunganisha hapa chini, hutajua. Mtu kamili."

Mama Nyokabi akatazama ukuta, akatikisa kichwa.

"Usimshonee," akasema. "Nichapie hivyo alivyo. Mimi nilikuwa nimekaa bila hata hiyo nusu." Halafu akafikiria. "Na hiyo ya Kiprono pia nichapie. Anipe kifungo changu."

Kiprono alikuja kumsalimu wakati watu wanatoka. Hawakuongea sana. Alimwambia kwamba ng'ombe mmoja wa Gathogo, yule wa pembe iliyovunjika, alikuwa amempata akizurura na amemweka. Mama Nyokabi akauliza kama bado anakamuliwa. Akasema ndiyo, lakini ana kiburi. Mama Nyokabi akasema, "Alikuwa hivyo hivyo," na sikujua kama anamzungumzia ng'ombe.

Zile familia zingine zilikuwa bado zimekaa zinangoja zamu yao. Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kote. Nilisimama mbele yao na leso ya mtu kiunoni nikawaambia leo haiwezekani, mashine ni mgonjwa, nikiendelea kuisumbua itakufa na picha zote. Hawakupiga kelele. Afadhali wangepiga. Waliinuka tu wakakusanya watoto. Ni watu ambao wamezoea kuambiwa warudi baadaye. Mama mmoja, ndiye yule aliyetaka picha ya nyumba yake, alinishika kiwiko.

"Zitakuwepo?"

"Zitakuwepo, mama."

(Sijui.)

Sasa ni jioni, niko studio. Mzee Kulwant amefunga mlango wa mbele na anakunywa chai yake amesimama, hawezi kukaa. Hajanigombeza. Nilimwomba anigombeze akasema hana nguvu. Tunanakili picha zote kwenda kwa kompyuta ya kawaida, kwa ile draiva ya zamani, moja baada ya nyingine. Kila inayopita salama anasoma jina lake kwa sauti: harusi ya fulani, ubatizo wa fulani, fulani na baiskeli yake mpya. Zingine zinagoma. Zikigoma ananyamaza, halafu tunaenda kwa inayofuata. Bado ni nyingi, na kompyuta hii itajaa kabla hatujafika mbali.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Yeyote kati yenu aliye na diski tupu, kubwa, nzima, aniletee kesho Nakuru. Akishaniletea, akae hapo kwenye benchi ya wateja, acheke mpaka atosheke.